Waraka wa Kidole Gumba

Waliojifunza kuandika katika miaka ambayo barua ilisafiri kwa meli, kwa gari la moshi na kwa mkono wa msafiri mwaminifu, wanakumbuka kwamba waraka wa Kiswahili ulikuwa na adabu zake, na adabu hizo hakuzivunja hata mtu aliyekuwa na haraka: juu ziliandikwa anwani na tarehe, kisha jina la mwandikiwa pamoja na cheo chake katika ukoo, kisha salamu, na baada ya salamu habari ya kwamba mwandishi ni mzima wa afya ila hofu yake ni juu ya mwandikiwa, na baada ya mlango huo kufunguliwa kwa taratibu ndipo lilipoingia neno lililokusudiwa, ambalo aghalabu lilikuwa fupi kuliko yote yaliyolitangulia. Mama yangu mzazi, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani na madarasa mawili ya skuli, alikuwa akimwita kijana wa jirani aje amwandikie, naye huketi juu ya mkeka akitamka polepole, na kila walipofika penye salamu alimsihi yule kijana asiruke jina la mtu hata mmoja, kwa kuwa jina lililorukwa ndilo ambalo mwenyewe angekuja kuliuliza msimu wa kaskazi.

Leo mjukuu wa mama huyo huyo anamwandikia nduguye neno moja, "Umefika?", na jibu linarudi kabla hajaiweka simu chini. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni msiba wa lugha, na wako wanaoliona kuwa ni maendeleo matupu. Mimi nimeona ni bora kwanza kuvikagua vyombo vyenyewe vya kuandikia, maana kila chombo kina gharama yake, na tangu zamani gharama hiyo ndiyo iliyoamua ni maneno gani yaandikwe na ni yapi yaachwe.

Kalamu ya kwanza ya Kiswahili ilikuwa ya utete, na wino wake ulikuwa wa masizi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa akinakili tendi kwa mkono ule ule uliochonga milango, na atakayezitazama hati zake ataona kuwa kazi hizo mbili zilikuwa jamaa moja. Kazi ya namna hiyo ilikula siku nyingi, kwa hiyo kilichoandikwa kilikuwa kile tu kilichostahili siku hizo: utenzi, dua, wasia, hati ya nyumba. Tena herufi zenyewe, ambazo tulizipokea kwa Waarabu, hazikuitosha lugha yetu. Kasra moja ilisimama mahali pa e na pa i. Dhumma moja ilisimama mahali pa o na pa u. Herufi ya ba ikabebeshwa mzigo wa b, wa p na wa mb. Hata ikawa katika mwandiko wa kale neno "pembe" na neno "bibi" yangeweza kuandikwa kwa sura moja, na msomaji akatakiwa ayatambue kwa maana ya shairi. Wanazuoni wa pwani baadaye waliongeza nukta na alama za kutenganisha sauti hizo, lakini kwa karne nyingi Kiswahili kilisomwa na mtu aliyekwisha kujua kinachosemwa. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwani nitalirudia.

Zikaja herufi za Kirumi, na baada yake taipu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ili Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziandike Kiswahili kwa tahajia moja, na katika tahajia iliyosanifiwa q na x hazikupewa kazi yoyote, na c haikuruhusiwa kutembea bila ya h. Lakini mashine za taipu hazikuundwa kwa ajili yetu. Zilikuja na vitufe vyote vya Kiingereza, na makarani wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wakazoea kuvipita vitufe vya q na x kama mtu apitavyo nyumba isiyo na mtu. Taipu ilikuwa na gharama yake nyingine: kosa moja katika karatasi yenye nakala tatu za kaboni lilimaanisha kufuta mara nne, au kuanza upya. Kwa sababu hiyo waandishi wa zama hizo waliimaliza sentensi kichwani kabla ya kuigonga mashine, na nadhani ndiyo sababu mojawapo sentensi zao ndefu zilifika mwisho bila ya kupotea njia.

Sasa tuje kwenye simu. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, aliyekuwa miongoni mwa wahandisi waliokuwa wakiisanifu mitambo mipya ya simu za mkononi, aliketi nyumbani kwake mjini Bonn na taipu yake, akaandika sentensi na maswali ya kawaida, kisha akahesabu herufi na nafasi zilizo baina ya maneno. Aliona kwamba habari nyingi hutimia ndani ya herufi 160, na kipimo hicho kikawa sheria ya dunia nzima. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na haikuwa na zaidi ya salamu ya Krismasi. Mtu aliyetaka kuandika kwa herufi ambazo hazimo katika orodha fupi iliyowekwa na wahandisi wale, zikiwamo herufi za Kiarabu walizotumia mababu zetu, alibanwa zaidi, kwani nafasi ile ile ilichukua herufi 70 tu.

Hillebrand alihesabu kwa lugha za kwao. Kiswahili kina tabia ya kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: nafsi, kanushi, wakati, anayetendewa na kitendo chenyewe hukaa pamoja kama abiria katika jahazi, kama tusemapo "hatutawasahau", neno lenye herufi 13. Mwenye vocha ndogo, anayelipia kila meseji, na ambaye habari yake ikivuka herufi 160 atalipishwa meseji mbili, alilazimika kutafuta cha kukitosa baharini. Kitu cha kwanza kutoswa kilikuwa salamu. Sijui chombo kingine chochote cha kuandikia kilichopata kutuondolea salamu. Wala utete, wala taipu, hata simu ya upepo ya posta, ambayo nayo ilitozwa kwa hesabu ya maneno, haikufanya hivyo, kwa kuwa watu waliitumia kwa misiba na dharura, na katika dharura kila mtu husamehewa.

Kitu cha pili kilichotoswa ni herufi zenyewe, na hapa ndipo penye jambo la ajabu ambalo wanaowalaumu vijana hawajalichungua. Katika zile simu ndogo ambazo Watanzania wanaziita vitochi, kitufe kimoja kilibeba herufi tatu au nne. Herufi s ilikuwa ya nne katika kitufe cha 7, hivyo kuipata ilihitaji kubonyeza mara nne. Herufi x ilikuwa ya pili katika kitufe cha 9, nayo ilipatikana kwa kubonyeza mara mbili. Neno "sasa" lilidai mibonyezo 10. "Xaxa" ilidai 6. Neno "sijui" lilidai mibonyezo 13. "Cjui" ilidai 9. Sidai kwamba kijana wa Temeke au wa Kisauni aliketi kuhesabu, lakini kidole gumba kina akili yake, na kidole hicho kiliziendea zile nyumba zisizo na watu, kikazifungua milango, kikaiingiza x mahali pa s na kuiacha c itembee peke yake, kinyume cha yote yaliyosanifiwa na Kamati.

Walipoziona meseji hizo, walimu na wazazi walilia kwamba lugha imekufa. Nami nililia pamoja nao kwa muda, mpaka nilipokumbuka ile "pembe" na ile "bibi". Msomaji wa "m2", "wa2" na "ki2" hufanya kazi ile ile aliyoifanya msomaji wa hati za Pate na Lamu, yaani hupewa mifupa ya neno, akaivika nyama kwa ujuzi wake wa lugha. Asiyejua Kiswahili hawezi kuisoma "wa2 wmefka" hata kidogo. Basi mkato ule haukuwa dalili ya kutokijua Kiswahili, na simu zenye kibodi kamili zilipoenea, sababu yake ikaondoka, nao ukabaki kama mtindo wa rika fulani, mfano wa mavazi ambayo vijana wa miaka ile waliyavaa kisha wakayaacha. Kitu kimoja tu katika mikato hiyo kinanishughulisha hadi leo. Ile c husomeka "si" na ile 2 husomeka "tu" kwa mtu anayezitamka kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili 2 ni mbili. Hata pale tulipodhani tunacheza na lugha yetu wenyewe, mwenzetu alikuwa ameketi kando akitushika mkono.

Lakini nisiruke mazuri. Watu walipoanza kununua bando, na meseji ikaacha kulipiwa moja moja, salamu ilirudi. Ilirudi na sura nyingine, maana haikai tena juu ya waraka. Inatumwa peke yake, inangoja kuitikiwa, kisha ndipo habari ifuate kipande kwa kipande, kama watu wawili walioketi barazani. Waraka umegeuka mazungumzo. Na tangu mwaka 2013, pale WhatsApp ilipowawezesha watu kutumiana sauti, hata mama yangu, lau angalikuwa hai, asingalimhitaji tena kijana wa jirani: angalishika simu akatamka majina yote ya watu wake, na sauti yake ingalifika pamoja na kikohozi chake na mlio wa jogoo uani. Wanawake wangapi wa umri wake, waliokuwa wakimwambia siri zao katibu asiye wao, leo wanajisemea wenyewe! Hili ni badiliko kubwa, nami sina neno la kulipunguza.

Washairi nao wamefaidika. Muyaka bin Haji alijibizana na wapinzani wake huko Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mengi katika mashairi yake tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyaandika kabla hayajasahaulika. Leo malenga wa Tanga na malenga wa Malindi wanajibizana usiku mmoja katika kikundi kimoja cha simu, na kila jibu lina saa yake na dakika yake. Nimeona pia jambo dogo ambalo huenda likawa kubwa baadaye: mshororo wa mizani 16 aghalabu hauenei katika upana wa kioo cha simu, hivyo washairi kadha wameanza kuandika ukwapi mstari wake na utao mstari wake, na ubeti wa mishororo minne ukaonekana kwa macho kuwa wa mistari minane. Sikio bado linasikia minne. Sina hakika kama watoto waliojifunza ushairi kwa macho watasikia hivyo.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kufuta. Kompyuta imeifanya gharama ya kufuta kuwa si kitu, na mwandishi aliyekuwa akiogopa karatasi sasa anaandika kwanza na kufikiri baadaye, anahamisha aya ya mwisho kuwa ya kwanza, anabadilisha jina la mhusika mahali mia kwa amri moja. Nimeandika kwa taipu na nimeandika kwa kompyuta, nami nakiri kwamba uhuru huu ni neema. Hata hivyo kila neno linalofutwa huondoka pamoja na ushahidi wake. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati za Kiswahili, akizipata masandukuni na katika mikono ya wajukuu, naye akaziweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katika hati kama hizo mtafiti huona neno lililokatwa, neno lililoongezwa pembeni, mkono wa pili uliosahihisha mkono wa kwanza. Atakayekuja kutafuta rasimu za waandishi wetu wa leo atafungua sanduku gani? Simu ikianguka majini, au mtu akisahau neno lake la siri, diwani nzima imekwenda. Namjua mshairi aliyepoteza utenzi wa miaka minne kwa njia hiyo, naye tangu siku hiyo ameirudia kalamu na daftari.

Nimesema kwamba mwenzetu alikuwa ameketi kando akitushika mkono. Sasa amesogea, ameingia ndani ya mashine, na ameanza kuandika. Kwanza alikuja kama msahihishaji. Atakumbuka kila mtu aliyeandika Kiswahili kwa kompyuta ambayo haikufunzwa lugha hiyo jinsi ukurasa mzima ulivyotiwa mstari mwekundu chini ya kila neno, isipokuwa machache kama "pole", "wake" na "pale", ambayo yalisamehewa kwa kuwa yanafanana kwa tahajia na maneno ya Kiingereza. Simu ilikwenda mbali zaidi: nikiandika "kama", yangu ilikuwa ikiigeuza kuwa "karma" bila kuniuliza. Kumfundisha msahihishaji Kiswahili ni kazi ngumu, kwa kuwa orodha ya maneno haitoshi. Chukua kitenzi kimoja, "penda": nafsi sita za watu ukizizidisha kwa nyakati nne tu umekwisha kupata maneno 24, nawe hujaweka ukanushi, hujaweka mtendewa, hujafika kwenye kupendwa, kupendana, kupendeza na kupendezwa, wala hujatoka katika ngeli ya watu kuingia katika ngeli nyingine. Hesabu hufika maelfu kwa kitenzi kimoja. Mashine haina budi kufundishwa sarufi, na walioianza kazi hiyo mapema wanastahili kutajwa, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotafsiri programu za ofisini katika mradi wa Kilinux, na wale waliojitolea kuijenga Wikipedia ya Kiswahili tangu mwaka 2003.

Kisha msahihishaji akawa mtunzi. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT na kufuatiwa na nyingine za aina yake, mtu anaweza kuiamuru mashine imwandikie barua ya kuomba kazi, hotuba ya harusi au insha ya mwanafunzi, nayo ikaandika kwa dakika moja. Inafanya hivyo kwa kuwa imesomeshwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo imejifunza kukisia ni neno gani linaelekea kufuata neno gani. Basi kila kitu kinategemea ilisomeshwa nini. Kiswahili kina wasemaji ambao UNESCO inawakadiria kuwa zaidi ya milioni 200, lakini maandishi yake yaliyomo katika intaneti ni kidogo sana mbele ya bahari ya Kiingereza, na sehemu kubwa ya hayo kidogo ni tafsiri. Nilipofiwa na jamaa nilipokea ujumbe mrefu, uliopangwa vizuri, ulioniambia "samahani kwa upotevu wako". Kila neno lilikuwa la Kiswahili, na hapana Mswahili aliyepata kusema hivyo tangu Pate ilipojengwa. Sisi husema poleni kwa msiba, Mungu amrehemu, nasi tumo njiani kurejea huko. Kisha tunakuja kukaa na wafiwa. Sikumkasirikia aliyetuma, kwa kuwa najua alinipenda. Nilihuzunika kwamba katika saa ile alikuwa na lugha ya wazee wake mdomoni, akaiacha, akaazima.

Na hili halitakoma peke yake, kwani maandishi ya mashine nayo yanarudi katika intaneti, na mashine zijazo zitayasoma na kuyahesabu kuwa Kiswahili. Tayari nasikia redioni watu wazima wakisema "mwisho wa siku" wasikusudie jioni. Mikato ya vijana ilikula herufi, na herufi hurudi. Lakini namna ya watu ya kufikishiana maneno ikisahauliwa, hakuna kamati itakayoirudisha.

Dawa haimo katika kuzitupa simu. Imo katika kuhakikisha kwamba mkono unaotushika umelelewa nasi. Watafiti wa kundi la Masakhane, lililoanzishwa mwaka 2019 na ambalo jina lake la Kizulu lina maana ya "tujenge pamoja", wanazifunza mashine lugha za Afrika. Mradi wa Common Voice unakusanya sauti za watu wa kawaida, na Kiswahili kimo. Kazi hizi zina upungufu mmoja ambao fedha haziwezi kuuziba, nao ni maandishi ya watu wenyewe: simulizi ya bibi wa Makunduchi kwa maneno yake, maelezo ya fundi wa jahazi wa Lamu juu ya kazi yake, barua ya kweli ya baba kwa mwana.

Kwa hiyo namwomba msomaji mambo mawili, na yote anaweza kuyafanya kabla jua halijachwa. Fungua mipangilio ya kibodi katika simu yako uchague Kiswahili, ili chombo hicho kiache kukugeuzia maneno. Kisha mwandikie mtu mmoja wa nyumbani kwenu waraka kamili, wenye tarehe na salamu na majina ya watu wote, bila ya kuruka hata mmoja, na nakala yake uiweke mahali ambapo wajukuu wataikuta.